Bata mzinga mwitu huhitaji msitu na uwanda kwa pamoja

BATA MZINGA anayefugwa majumbani ana ndugu yake wa porini, ambaye makazi yake ya asili ni Marekani, kusini mwa Kanada na Mexico.

Ndege huyu huhitaji mazingira ya aina mbili yaliyo jirani. Usiku hulala juu ya miti mirefu kujikinga na wanyama wawindao, na msituni hujipatia matunda ya mialoni. Hata hivyo, jike hutaga ardhini penye vichaka, na vifaranga huhitaji uwanda wa nyasi wenye wadudu, ambao ndio chakula chao kikuu katika majuma ya mwanzo.

Kimojawapo kikikosekana, ndege hutoweka. Katika jimbo la Massachusetts, misitu ilifyekwa kwa ajili ya mashamba huku uwindaji ukiendelea, na bata mzinga mwitu wa mwisho alionekana mwaka 1851. Misitu ilipoota tena, ndege 37 kutoka jimbo la New York waliachiwa huko mwaka 1972 na 1973. Leo wamezidi 25,000, na baadhi huzurura hata vitongojini mwa Boston, ambako miti mikubwa na bustani za nyasi zimekaa pamoja.