MAJI YA MVUA KATIKA VITONGOJI VYA MGETA: CHANZO CHA MADHARA NA NJIA ZA KUYAEPUKA

Maelezo haya yanakusudiwa kuwafahamisha watumishi wa Serikali na wakazi wa Tarafa ya Mgeta, Wilaya ya Mvomero, Mkoani Morogoro, namna maji ya mvua yanavyogeuka kuwa hatari kwa nyumba, barabara na mashamba, na hatua zinazofaa kuchukuliwa kabla ya masika. Jambo la kuzingatiwa tangu mwanzo ni kwamba katika nchi ya milima mafuriko hayaanzii mlangoni mwa nyumba. Huanzia juu, shambani na njiani. Kwa hiyo mtaro wa nyumba moja hauwezi kuwa kinga ikiwa maji ya mteremko mzima hayakupangiwa njia.

Tukio la mwaka 1970

Tarehe 23 Februari, 1970, mvua ya kiasi cha milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda usiozidi saa tatu. Watafiti waliochunguza eneo hilo baadaye walihesabu maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000. Mengi hayakuwa ya kina kirefu, kwani udongo wa juu ulioteleza juu ya mwamba ulikuwa na unene wa mita moja hivi. Lakini tope lake lilishuka mabondeni pamoja na mazao, mawe na miti. Ilibainika pia kuwa sehemu kubwa ya maporomoko ilianzia katika mashamba na katika miteremko yenye majani matupu, na ni machache mno yaliyoanzia penye msitu. Mizizi ya miti hushika udongo na kuufunga kwenye mwamba, na inapoondolewa, udongo uliolowa hubaki bila nanga.

Kwamba hatari ya namna hii haijapita kulidhihirika tarehe 3 Desemba, 2023, Mkoani Manyara, pale tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliposhukia mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha.

Kiasi cha maji yanayohusika

Wengi hudharau maji ya paa. Paa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5, likinyeshewa milimita 100, hukusanya lita 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Kitongoji chenye nyumba 50 za namna hiyo huteremsha lita 200,000 kutoka kwenye mapaa peke yake, kabla ya kuhesabu maji ya nyua, njia na mashamba. Maji hayo yakiachwa yajitafutie njia, hufuata njia za miguu na kuzichimba hadi kuwa makorongo, au huingia nyuma ya nyumba ya jirani aliye chini.

Nyumba nyingi za milimani hujengwa juu ya kiwanja kilichochongwa ubavuni mwa mlima. Ukuta wa udongo ulio nyuma ya nyumba ndipo mahali pa hatari zaidi. Maji yakituama juu yake hupenya ndani, udongo huwa mzito, na hatimaye humeguka juu ya chumba wanamolala watu.

Kazi za kila kaya

Kila mwenye nyumba anashauriwa kuchimba mtaro wa kinga juu ya kiwanja chake, mbali kidogo na ukingo uliochongwa, ili maji yapite pembeni. Maji ya paa yakusanywe kwa mfereji wa bati na kuingizwa katika tangi au pipa, na yanayozidi yaongozwe hadi mtaroni. Mtaro usiwe na mteremko mkali, kwani maji ya kasi huuchimba. Panapokuwa na mteremko mkali vijengwe vizuizi vya mawe kwa ngazi, na kingo zipandwe majani yenye mizizi mingi kama mabingobingo. Zaidi ya yote, mtaro uwe na mwisho unaojulikana: korongo la asili lenye mawe na majani. Mtaro unaoishia katika shamba la jirani haukuondoa hatari, umeihamisha tu.

Wakulima wa mboga wanaotumia mifereji ya umwagiliaji wanapaswa kufunga banio mvua kubwa inapokaribia. Mfereji uliobuniwa kwa maji machache ya kiangazi, ukijaa maji ya mvua, hupasua kingo zake na kumwaga yote mahali pamoja.

Kazi za pamoja

Mitaro ya barabara na makalavati husafishwa kabla ya masika, si baada ya barabara kukatika. Mabaki ya mboga, magunia na matawi ndivyo viziba vya kawaida. Halmashauri ya Kijiji inaweza kuainisha njia kuu za maji za kila kitongoji, kupanga siku za kazi, na kuhakikisha hakuna anayejenga juu ya njia hizo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mpaka huo ni kinga ya chanzo cha maji, na pia ni kinga ya mwananchi mwenyewe.

Katika kutekeleza hayo, historia ya Uluguru ina funzo. Katika miaka ya 1950 utawala wa kikoloni uliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na katika miteremko yenye udongo mwembamba matuta yalifukua udongo usio na rutuba. Mwaka 1955 zilizuka ghasia huko Matombo, na mpango ukaachwa. Nia ya kuhifadhi udongo haikutosha pale ambapo mwenye shamba hakushirikishwa wala hakuona faida. Viongozi wa leo wanakumbushwa kueleza kwanza na kukubaliana na wananchi, ndipo kazi ipangwe.

Dalili za hatari

Wakazi wahame mara moja, na kumwarifu mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, wanapoona nyufa mpya katika ardhi iliyo juu ya nyumba, miti inayoinama, chemchemi inayozuka pasipo desturi, milango inayokaza ghafla, au mto uliopungua ghafla wakati mvua ingali inanyesha. Dalili hii ya mwisho huweza kumaanisha kuwa tope limeziba mto juu, na maji yatashuka kwa pamoja.

Maji ya Mgeta huingia Mto Ruvu, unaotegemewa na wakazi wa Pwani na Dar es Salaam. Udongo unaobaki mlimani ni mazao ya mkulima wa juu, usalama wa jirani yake aliye chini, na maji safi ya mtu wa mbali. Mtaro uchimbwe wakati wa jua, kwani mvua ikishaanza kunyesha hakuna nafasi ya kuuchimba.