Matembezi ya Watoto na Mfuko wa Mzazi

Kila ikaribiapo Idi au likizo ya skuli, wazazi hutujia barazani na swali moja. Mmoja husema: "Mwalimu, watoto wamenishika shati, wataka niwapeleke kwenye bustani ya michezo, na mshahara wangu waujua." Mwengine huja Idi ikisha kupita. Huyo haulizi tena, hulalamika tu kwa deni alilokopa kwa simu usiku wa kuamkia Idi, fedha zikaisha kabla ya adhuhuri, na riba yake imebaki shingoni mpaka Mfungo Tatu.

Wako pia wasemao kwamba matembezi yote ni israfu, na mtoto akisha kula na kuvaa hana haki nyengine. Twakiri kwamba zamani na sisi tulikuwa wa rai hiyo. Lakini kisa cha Mahabushi waliocheza kwa mikuki katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) siku ya Idi, Bi Aisha (r.a.) akiwatazama, ni mashuhuri kwa kila aliyesoma. Na sisi tulifundishwa zaidi na watoto wenyewe, maana mtoto asiyepelekwa na babake atakwenda na asiyemjua. Kwa hivyo leo hatujadili kwamba yafaa au haifai. Twataka kuzungumza juu ya hisabu, na tutaanza na kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita tuliazimia kuwapeleka wanafunzi 12 wa chuo chetu kwenye bustani moja ya michezo ya maji hapa pwani. Kila mtoto alileta shilingi 600, na sisi waalimu wawili tukatoa 1,200 baina yetu. Jumla ikawa 8,400. Tuliambiwa na mtu aliyewahi kwenda kwamba mlangoni ni 300 kwa mtoto na 500 kwa mtu mzima, yaani 4,600. Tulikodi matatu ya watu 14 kwa 3,500, nusu tukalipa asubuhi na nusu tuilipe jioni. Kwa hisabu yetu tulikuwa tumebakisha shilingi 300, tukaona tu matajiri.

Tulipofika mlangoni tulikuta ubao. Siku ile ilikuwa ya sikukuu, na bei ya sikukuu ilikuwa 500 kwa mtoto na 700 kwa mkubwa. Mkononi tulikuwa na 6,650, na katika hizo 1,750 ni za dereva, hazigusiki, ama sivyo tulale njiani. Zilizobaki zilitosha mwalimu mmoja na watoto 8. Wanne hawakuingia.

Ni nani watakaobaki? Hatukuwa na wakati wa kufikiri, watu nyuma yetu wakipiga kelele, tukatazama daftari: waliomaliza kulipa mwanzo waliingia, waliomaliza mwisho walibaki. Aliyekuwa wa mwisho kabisa ni kijana wa mama mmoja mjane auzaye mbaazi, ambaye alileta zile 600 kwa vipande vya 20 na 30. Basi yule ambaye shilingi zake zilikuwa nzito kuliko za wote ndiye tuliyemketisha nje chini ya mwarobaini. Chakula chetu nacho kilikataliwa mlangoni, kwa kuwa haikuruhusiwa kuingia na chakula cha nyumbani. Ikawa sisi wa nje tuna chakula na hatuna michezo, na wale wa ndani wana michezo na wana njaa hadi alasiri. Shilingi 200 zilizosalia tuliwanunulia wale wanne madafu.

Siku ya pili mama yule alikuja chuoni na sahani ya mahamri, kutushukuru. Mwanawe alikuwa amemweleza mteremko mrefu wa maji ulivyo, na jinsi alivyopiga kelele aliposhuka. Yote hayo aliyasikia kwa wenziwe ndani ya gari. Tulisimama na sahani mkononi, hatujui la kusema. Hatimaye tulimwambia kweli, maana kunyamaza kungekuwa uwongo wa pili juu ya wa kwanza. Mama hakusema neno ila, "Basi ndiyo maana nguo zake hazikuwa na maji." Zile 600 za watoto wanne tulizirudisha kutoka mifukoni mwetu kwa miezi miwili.

Tangu siku hiyo tulianza kuuliza namna mahali pa michezo panavyotoza watu. Tulikuta kwamba mambo haya yana tarehe yake. Bustani ya Tivoli mjini Copenhagen ilifunguliwa mwaka 1843. Gurudumu kubwa la kupandisha watu juu, lililobuniwa na mhandisi George Ferris, lilisimamishwa Chicago mwaka 1893, na kila mtu alilipa senti 50 za Kimarekani. Disneyland ilifunguliwa California mwaka 1955. Watu hawakutozwa humo kama watozwavyo leo, kwani mtu alilipa kiingilio kidogo cha mlangoni, kisha akanunua kijitabu cha tikiti, kila mchezo na tikiti yake. Mpaka mwaka 1982 ndipo vijitabu vikaondolewa, ikawa mtu alipa mara moja na kucheza apendavyo.

Twayataja haya kwa sababu njia hizo mbili ndizo ziliopo hata kwetu, na mzazi asiyezijua hupoteza fedha bila ya kuibiwa. Mahali pa kulipa mara moja pawafaa vijana wenye nguvu, watakaopanda na kushuka tangu asubuhi hadi jioni. Lakini ukienda na bibi mzee, na mama mwenye mtoto wa kunyonya, na mdogo aogopaye hata bembea, utalipia watu watatu waketi kivulini. Nyumba kama hiyo na itafute mahali pa kulipa kwa kila mchezo, kama zile bembea na farasi wa mbao wa viwanja vya Idi, lakini kila mtoto apewe hesabu yake kabla ya kutoka nyumbani: michezo mitatu, au minne. Akiimaliza saa ya kwanza ni shauri yake, wala baba asilainike. Sisi tumeona baba aliyelainika mara moja akalainika mara sita.

Jambo jengine ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba michezo mingi mikubwa haitazami umri, hutazama urefu. Mtoto wa miaka 9 aliye mfupi atarudishwa kwenye mteremko ambao umekwisha mlipia. Mpimeni nyumbani kwenye mlango, kisha ulizeni ni kimo gani kitakiwacho.

Na kuuliza huku kusiwe kwa mtu aliyewahi kwenda. Aende mmoja wenu mwenyewe, siku ya kazi, au apige simu, na aandike majibu. Bei ya siku ya kazi ni ngapi, na ya Jumamosi, na ya sikukuu? Mtoto huanza kulipa akiwa na miaka mingapi? Je, pana bei ya wanafunzi, na yataka barua ya nani? Chakula cha nyumbani huingia? Kama hakiingii, mtu aweza kutoka akala nje na kurudi kwa tikiti ile ile? Mahali pa kusalia pako wapi? Na kwa penye maji, nguo gani hukubaliwa? Pako mahali ambapo kanga na nguo za pamba haziruhusiwi kuingia majini, na binti zetu wavaao nguo za kuogelea za kusitiri mwili mzima yafaa waulizie kabla, wasije wakaaibishwa mbele ya watu. Maswali haya humaliza robo saa. Sisi hatukuyauliza.

Ama usafiri, watu wa nyumba moja wakiwa wachache na wapande matatu ya kawaida asubuhi mapema, wala wasingoje magharibi kurudi, kwa kuwa jioni za sikukuu nauli hupanda bila ya taarifa. Wakiwa 10 na zaidi, kukodi gari zima ni rahisi, illa bei ya kwenda na kurudi ikatwe siku moja na nusu ibaki mkononi mwenu mpaka mfike nyumbani.

Chakula nacho kisiwe cha fahari. Tumewaona mama zetu wakikesha kupika biriani, na kufikia adhuhuri kwa joto la pwani imeanza kunuka. Mahamri, mayai ya kuchemsha, viazi, ndizi na maji mengi hutosha. Fedha ziendazo kwenye soda na chipsi za ndani ya bustani mara nyingi hushinda kiingilio chenyewe. Na penye maji, kila watoto watano wawe na mkubwa mmoja asiyetazama simu. Katika hilo hatuna mzaha.

Sasa tuje kwa yule ambaye hata kiingilio cha siku ya kazi hanacho. Twamwambia kwamba mji wa Mombasa, kwa mfano, una siku nzima ya furaha kwa fedha kidogo. Kivuko cha Likoni apitaye kwa miguu halipi kitu, na kwa mtoto wa bara, au hata wa Kisauni asiyewahi kukivuka, ile meli yenye magari tumboni ni mchezo tosha, kwenda na kurudi. Kutoka kivukoni si mbali kufika Mama Ngina, palipotengenezwa upya mwaka 2019, penye mibuyu na upepo wa bahari, pasipo kiingilio, na mhogo wa kukaanga kwa pilipili na ndimu. Kisha ni Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno baina ya 1593 na 1596, ikatekwa na Waarabu wa Oman mwaka 1698. Wananchi hutozwa chini ya wageni, na watoto chini zaidi. Mtoto aliyesimama juu ya ukuta ule akaambiwa habari za mazingiwa yake hasahau.

Na aliye na zaidi kidogo aende Haller Park kule Bamburi. Hapo zamani palikuwa shimo tupu la kuchimbia mawe ya simiti. Kuanzia 1971 bwana mmoja jina lake René Haller alipanda miti juu ya mwamba, mingi ikafa, mivinje ikashika, na majongoo ndio waliokula majani yake makavu yakawa udongo. Leo pana msitu na twiga wanaolishwa kwa mkono. Hapo ndipo alipoletwa yule kiboko mchanga, Owen, aliyeokolewa baada ya tsunami ya Disemba 2004, akafanya urafiki na kobe mkongwe aitwaye Mzee. Sisi twapaona bora kuliko mteremko wowote, lakini watoto wetu hawakukubaliana na sisi, na twasema kweli.

Wako na wanaoota Nairobi kwa gari la moshi, kwenda kuona magurudumu ya huko. Ndoto nzuri, lakini ihisabiwe. Nauli ya daraja la chini ya treni ya haraka ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Baba, mama na watoto watatu, kwa nauli hiyo, ni 5,250 kwenda, na kurudi vivyo hivyo: 10,500, na hamjala tonge wala kulala. Ukitia shilingi 20 kibubuni kila siku, hiyo ni safari ya siku 525. Haidhuru, watoto wangojee. Mtoto aliyetia mwenyewe sarafu zake kibubuni mwaka na nusu atalitazama gari la moshi kwa jicho jengine.

Chuo chetu kilirudi pale pale mwaka uliofuata. Mara hii watoto walitia shilingi 5 kwa siku katika kibubu cha bati kwa siku 120, na daftari alilishika yule kijana wa mama wa mbaazi, kwa ombi lake mwenyewe. Mwalimu mmoja alitangulia kwenda kusoma ubao na kuuliza. Tulipeleka barua ya kamati ya msikiti, tukapewa bei ya wanafunzi ya siku ya kazi, 250 kwa mtoto na 400 kwa mkubwa. Fedha zilikuwa zile zile 8,400. Kiingilio 3,800, gari 3,500, chakula cha kupikwa kwa pamoja 600. Tulikula nje saa sita na nusu, tukasali, tukarudi ndani kwa muhuri wa mkononi. Mtoto mmoja alijikwaruza goti, dawa na bendeji ikawa 160.

Kijana yule alikuwa wa mwisho kuingia, kwa sababu alisimama mlangoni na daftari akiwahesabu wenziwe mpaka wote 12 wakapita. Kisha alipanda ngazi za mteremko ule mrefu, akakaa juu kitambo, tukadhani ataogopa. Alishuka bila ya kupiga kelele hata kidogo. Alipanda tena mara tisa. Jioni tulipofungua mfuko tulikuta shilingi 340, tukampa, akaziandika, akazirudisha kibubuni.