Ukiambiwa Presha Yako Iko Juu

Tangu mwezi wa Septemba 2023, serikali ya Kenya ilipowakabidhi wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mashine za kupimia presha na sukari, kipimo ambacho zamani kilimngoja mgonjwa hospitalini kimeanza kumfuata nyumbani. Na hivyo hutokea, iwe ni Sagalla, Kasigau au Voi mjini, kwamba mtu asiyeumwa na chochote, aliyekaa barazani akichambua kunde zake, hufungwa mkanda mkononi kwa kuwa tu mhudumu amepita, na punde si punde huambiwa kwamba presha yake ni 168 kwa 102. Hapo yuko ashikwaye na fazaa akakimbilia duka la dawa, na yuko achekaye, akasema mashine hiyo ni mbovu, kwani yeye juzi tu alipanda mlima Vuria bila kuhema. Wote wawili wamekosea. Kipimo kimoja ni mfano wa shahidi mmoja, ambaye kadhi mwenye insafu hahukumu kwa kauli yake peke yake, wala hamfukuzi mahakamani.

Namba ya juu ni nguvu ya damu katika mishipa wakati moyo unapojikaza, na ile ya chini ni nguvu inayobaki wakati moyo unapolegea kungoja pigo jingine. Zinahesabiwa kwa milimita za zebaki kwa sababu chombo cha Mtaliano Scipione Riva-Rocci, alichokitangaza mwaka 1896, kilikuwa na mrija wa zebaki. Na ni tabibu wa Kirusi, Nikolai Korotkov, aliyeonyesha mwaka 1905 namna ya kuzisikiliza namba zote mbili kwa kuweka chombo cha kusikilizia moyo juu ya mshipa wa mkono. Lakini kile kinachopimwa hakitulii: hupanda mtu akitembea, akiogopa, akiumwa au akizungumza, kisha hushuka alalapo. Ndiyo maana, kabla ya kuuliza namba ilikuwa ngapi, aula kuuliza ilipatikana vipi.

Mtazame mama aliyetoka bondeni asubuhi kwenda Hospitali ya Wesu, juu ya Wundanyi, akapanda kilima kwa miguu, akafika na jasho, akaketi kwenye benchi lisilo na egemeo, miguu ikining'inia, na mara mkanda ukafungwa juu ya mkono wa sweta huku akiulizwa jina, kijiji na namba ya simu. Katika hali hiyo hakuna hata jambo moja lisilopandisha presha. Anapaswa apumzike dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili ziko chini, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, mkanda uko juu ya ngozi. Asiseme neno, na kama ana haja ndogo aende kwanza, kwani kibofu kilichojaa peke yake huweza kuongeza kadiri ya pointi kumi. Mkanda nao uwe wa kadiri ya mkono, maana ule mdogo ukifungwa katika mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko haki. Kisha apimwe mara mbili, kwa nafasi ya dakika moja au mbili, na siku ya kwanza ipimwe mikono yote miwili.

Nusu saa kabla ya kupimwa kusiwe na kahawa wala sigara, na hapa kwetu lazima niitaje na muguka. Mwezi wa Mei 2024 gavana Andrew Mwadime aliipiga marufuku katika kaunti hii ya Taita-Taveta, akifuatana na wenzake wa Mombasa na Kilifi, na amri hizo zikazua mabishano makubwa ya sheria na siasa, ambayo hayanihusu. Linalonihusu ni kwamba jani hilo, sawa na miraa, lina kichangamshi kinachoharakisha moyo na kubana mishipa; kwa hiyo dereva wa lori anayepimwa Maungu na shavu limejaa muguka amepimwa presha yake pamoja na ya muguka, na mpimaji hana njia ya kuzitenganisha.

Hali ikishakuwa sawa, kipimo hurudiwa siku nyingine, na tena nyingine, kwa muda wa siku chache hadi wiki chache. Na kadiri namba ilivyokuwa kubwa ndivyo muda wa kungoja unavyopaswa kuwa mfupi. Kwa kawaida, presha inayokaa 140 kwa 90 au zaidi kliniki, au 135 kwa 85 au zaidi kwa wastani wa vipimo vya nyumbani, ndiyo inayoitwa maradhi. Wamarekani walishusha kizingiti chao mwaka 2017 hadi 130 kwa 80, na mtu asishangae akikisoma. Kuna watu ambao presha yao huwa juu mbele ya koti jeupe tu, na kuna wengine, wa hatari zaidi, ambao kliniki hutulia na nyumbani hupanda. Wote hawa hujulikana kwa daftari la vipimo vya nyumbani, asubuhi na jioni, kwa siku saba hivi.

Isipokuwa hapa: namba ikifika 180 kwa 120, pamoja na maumivu ya kifua, pumzi kukatika, uso kupinda, upande mmoja kulegea, ulimi kuwa mzito, macho kuingia giza au akili kuvurugika, hakuna daftari wala kungoja. Huyo apelekwe saa ile ile katika hospitali kubwa iliyo karibu, kama ile ya rufaa ya Moi pale Voi. Mja mzito aliyefikia 140 kwa 90 naye aende siku hiyo hiyo, hata kama anajiona mzima. Ama mwenye namba kubwa asiye na dalili yoyote, apumzike, apimwe tena, na aonwe na tabibu mapema. Asibanduliwe kidonge cha nifedipini akawekewa chini ya ulimi, desturi ya kale ambayo hushusha presha kwa ghafla mno hata ubongo na moyo vikakosa damu.

Watu huniuliza maradhi haya yametoka wapi, kwa kuwa wazee hawakuyataja. Swali ni la haki. Daktari Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini, magharibi mwa Kenya, aliandika mwaka 1929 kwamba katika wagonjwa kama 1,800 waliolazwa kwa muda wa miaka miwili hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu. Miongo kadhaa baadaye Neil Poulter na wenzake waliwafuata Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi, wakaona, kama walivyoeleza mwaka 1990, presha yao ikipanda katika miezi michache tu, huku chumvi ikiongezeka mwilini kuliko potasiamu. Damu ya watu haikubadilika katika basi la kwenda Nairobi. Kilichobadilika ni sahani, na maisha yenyewe. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha katika mkate, viungo vya pakiti na ng'onda. Na potasiamu, inayosaidia kushusha presha, imejaa katika ndizi za Taveta na maharagwe ya milimani, vyakula ambavyo tunavipakia malori tukavipeleka Mombasa, kisha tukarudi na chipsi. Mwenye maradhi ya figo, hata hivyo, amuulize tabibu kwanza kabla ya kuzidisha ndizi.

Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wa Kenya hawakuwahi kupimwa presha hata mara moja, kwa hiyo aliyeshtushwa na mhudumu barazani kwake amewatangulia wengi. Aendapo kliniki achukue dawa zote anazotumia, hata zile asizozihesabu kuwa dawa: mkata mkonge wa Mwatate anayetuliza mgongo kwa diklofenaki kila jioni huenda anajipandishia presha mwenyewe, na vivyo hivyo baadhi ya vidonge vya mafua na vya kupanga uzazi. Akiandikiwa dawa, naye baada ya miezi mitatu akapimwa 124 kwa 78, ajue kwamba hiyo ni kazi ya dawa, na asiiache ila kwa ruhusa ya aliyemwandikia.