Wareno walikuwa na helikopta, sasa walishindwaje?

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha hapa Mikindani nilipangiwa Kidato cha Nne, mada ya ukombozi wa Afrika. Mnaijua: nchi zilizopata uhuru kwa mazungumzo, nchi zilizopata kwa mtutu wa bunduki, sababu tano, changamoto tano, zoezi. Tulipofika Msumbiji, kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, babu anasema ng'ambo ya Ruvuma Wareno walikuwa na helikopta na FRELIMO hawakuwa nayo hata moja. Sasa Wareno walishindwaje?"

Kitabu hakina jibu. Nikamwambia nitamletea kesho, ile kesho ya walimu. Basi hili hapa, limechelewa.

Helikopta aliyoiona babu yake, kwa uwezekano mkubwa, ni Alouette III. Ni ya Wafaransa, na jina lake ni la ndege mdogo anayesifika kwa kuimba. Iliruka mara ya kwanza tarehe 28 Februari 1959. Kabla ya familia hii ya Alouette, helikopta nyingi zilitumia injini za pistoni, kama za gari: nzito, na zikifika penye joto au juu mlimani zinakata pumzi. Kaka yake, Alouette II ya mwaka 1955, ndiyo ilianza kuundwa kwa wingi ikiwa na injini ya tabo, ambayo ni nyepesi na ina nguvu kubwa kwa uzito wake. Alouette III ikaongezewa nafasi: rubani na abiria sita, au majeruhi wawili kwenye machela. Mwaka 1960 rubani Jean Boulet aliitua kwenye Mlima Mont Blanc, zaidi ya mita 4,800 juu ya bahari, ikiwa na watu saba ndani. Baada ya hapo wateja walikuja wenyewe. India na Romania zilipata leseni ya kuiunda kwao.

Ona kwamba ilianza kama chombo cha kazi zote: kuokoa watu milimani, kubeba wagonjwa, kupeleka mizigo. Kazi ya vita ilikuwa mojawapo tu.

Ureno ilianza kuzipokea mwaka 1963, vita ya Angola ikiwa imeshawaka, na mwishowe ilinunua zaidi ya 100. Msumbiji vita vilianza tarehe 25 Septemba 1964, FRELIMO iliposhambulia kituo cha utawala cha Chai, Cabo Delgado. Kule uwanda wa Mueda barabara ni za vumbi na msitu ni mnene. FRELIMO walitega mabomu ya ardhini barabarani, na lori la jeshi likawa jeneza. Kwa hiyo Wareno wakapanda juu. Alouette moja ilibeba kama askari watano, ikashuka hadi mita mbili tatu kutoka chini bila kutua, wakaruka, ikaondoka. Juu yao ilizunguka nyingine yenye mzinga wa milimita 20 uliofungwa mlango wa kushoto. Marubani waliiita Lobo Mau, yaani mbwa mwitu mbaya, yule wa hadithi za watoto. Mimi jina hilo limenikera kuliko mzinga wenyewe.

Sasa, jibu. Kwanza, helikopta inasikika kabla haijaonekana. Watu wa maeneo yaliyokombolewa walilima mashamba madogo yaliyotawanyika, na misafara ya silaha na dawa ilitembea kwa miguu, mizigo kichwani, wanawake wakiwa sehemu kubwa ya wabebaji hao. Helikopta inahitaji shabaha. Ukiwa na kundi la watu wachache chini ya miti, umeinyima.

Pili, chombo kile kinakula mafuta na vipuri, na kila kitu kilipaswa kutoka mbali, wakati mgongo wa FRELIMO ulikuwa huku kwetu. Mafunzo yalikuwa Nachingwea. Majeruhi waliovushwa mto walitibiwa kwenye hospitali ya FRELIMO hapahapa Mtwara, iliyopewa jina la daktari wa Angola, Américo Boavida. Helikopta inaweza kufuta kambi. Kufuta mpaka haiwezi.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, Julai 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alianzisha operesheni kubwa kuliko zote, Nó Górdio, yaani "fundo la Gordio", yenye askari wapatao 35,000. Walipeleka helikopta, ndege na mizinga Mueda, wakateka kambi kuu za FRELIMO. Kwenye ramani walishinda. Lakini wapiganaji walikuwa wameshasambaa, na nguvu ikahamia Tete, mbali kabisa na Mueda. Ukikusanya helikopta zako sehemu moja, kwingine unabaki mtupu. Miaka ya mwisho FRELIMO walipata makombora ya Kisovieti ya kurushwa begani, Strela, na marubani wakalazimika kubadili namna ya kuruka.

Aprili 1974 wanajeshi wa Ureno wenyewe, waliochoshwa na vita hivi, wakaipindua serikali yao Lisbon. Mkataba ulisainiwa Lusaka tarehe 7 Septemba, na Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975.

Alouette haikuishia hapo. Rhodesia waliitumia kwa mtindo uleule dhidi ya wapigania uhuru wa Zimbabwe. Ureno iliendelea kuirusha kwa uokoaji na mafunzo hadi Juni 2020 ilipoistaafisha.

Miezi minne baadaye, Oktoba 2020, kijiji cha Kitaya upande wetu wa Ruvuma kilishambuliwa na waasi kutoka Cabo Delgado. Machi 2021 ikawa Palma, ng'ambo tu ya mdomo wa mto, ambako helikopta ndogo za kampuni binafsi zilitumika kuwatoa watu waliokwama hotelini.

Nilipomweleza yule kijana haya yote alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama linatoka kwenye mtihani. Nikamwambia hapana, na kwa mara ya kwanza muhula ule darasa zima likaendelea kuandika.