Mama Ana Homa ya Ini ya C: Mtoto Apimwe Lini?

Uwe sokoni Kiritiri, uwe shambani Mavuria ukivuna ndengu, au nyumbani Gachoka ukinyonyesha, vuta kiti usogee. Leo tuna jambo ambalo halizungumzwi sana, na kwa sababu halizungumzwi, huwatia watu hofu nyingi.

Tuchukue mfano. Mama mmoja, tuseme ni jirani yako, alijitolea kutoa damu. Damu inayotolewa hapa Kenya hupimwa virusi vya UKIMWI, kaswende, homa ya ini aina ya B na aina ya C kabla ya kupewa mgonjwa. Baadaye mama huyu akaitwa, akaambiwa damu yake imeonyesha dalili za homa ya ini ya C. Nyumbani ana mtoto wa miezi 3. Usiku huo hakupata usingizi. Asubuhi mama mkwe akamwambia, "Mwachishe mtoto ziwa leo hii, umpe maziwa ya mbuzi." Shemeji naye akasema, "Mkimbize mtoto akapimwe sasa hivi."

Je, wewe ungemshauri nini?

Homa ya ini ya C ni nini?

Kwanza, usiichanganye na homa ya manjano, ambayo huenezwa na mbu. Homa ya ini ya C husababishwa na virusi vinavyoishi kwenye damu na kushambulia ini. Virusi hivi vilitambuliwa mwaka 1989. Mtu anaweza kukaa navyo miaka 20 au zaidi bila kuhisi lolote, huku ini likiharibika polepole na kujaa makovu. Wengine mwishowe hupata saratani ya ini.

Ugonjwa huu hupita kwa damu: sindano au wembe uliotumiwa na mtu mwingine, damu ambayo haikupimwa, na pia kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa ujauzito na kuzaliwa. Hauenezwi kwa kukumbatiana, kubusu mtoto, kula sahani moja, wala kwa kukohoa.

Katika kliniki ya wajawazito wengi wetu tumepimwa virusi vya UKIMWI, kaswende na wingi wa damu. Kipimo cha homa ya ini ya C kwa kawaida hakimo katika orodha hiyo. Ndiyo maana mama anaweza kujua hali yake baada ya kujifungua.

Je, ni lazima mtoto awe ameambukizwa?

La, hasha. Kati ya watoto 100 waliozaliwa na mama wenye virusi hivi kwenye damu, ni kama 6 tu wanaoambukizwa. Ikiwa mama pia ana virusi vya UKIMWI, idadi huongezeka, hufika kama 11 kati ya 100. Kwa hivyo watoto walio wengi hawaambukizwi. Lakini hao wachache hawaonyeshi dalili. Hunyonya, hutambaa na kucheza kama wenzao. Huwezi kuwajua kwa macho. Ni kipimo tu kitakachosema.

Kwa nini kipimo kinaweza kukuhadaa?

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu, mama. Sikiliza kwa makini.

Kuna vipimo viwili. Kipimo cha kwanza, kile rahisi cha haraka, hakitafuti virusi. Hutafuta askari wa mwili, yaani kingamwili, ambao mwili huwaunda ukikutana na virusi hivyo. Kipimo cha pili hutafuta virusi vyenyewe.

Mtoto akiwa tumboni, askari wa mama hupita na kuingia katika damu yake. Ni zawadi ya mama, na hubaki kwa mtoto kwa miezi mingi, hata kufikia miezi 18. Ukimpima mtoto wa miezi 3 kwa kile kipimo cha haraka, karibu hakika kitaonyesha askari. Lakini askari hao ni wa nani? Ni wa mama! Kipimo hicho kimekupa habari zako wewe, si za mtoto. Mama wengi wangelia bure kwa jibu kama hilo.

Jambo hili si geni kwetu. Mtoto wa mama mwenye virusi vya UKIMWI akifika wiki 6, kliniki humtoa damu ya kisigino na kuidondosha kwenye karatasi, ikapelekwa maabara kutafutwa virusi vyenyewe. Kile kipimo cha askari husubiri hadi mtoto afike miezi 18. Sababu ni hiyo hiyo.

Basi tufuate hatua gani?

Hatua ya kwanza ni wewe mama. Ikiwa umepimwa kwa kipimo cha haraka tu, omba kipimo cha virusi vyenyewe. Kuna watu ambao miili yao ilishinda virusi, wakabaki na askari peke yake. Kama hukuwa na virusi kwenye damu wakati wa ujauzito, hukuwa na cha kumwambukiza mtoto.

Hatua ya pili, ikiwa una virusi, mtoto apimwe kwa kipimo cha virusi vyenyewe kuanzia umri wa miezi 2. Umri unaofaa zaidi ni kati ya miezi 2 na 6. Kipimo hiki hakipatikani katika kila zahanati. Damu hupelekwa maabara kubwa. Mwulize daktari wako wa Kiritiri akuandikie barua ya kwenda hospitali kubwa ya Embu, na akueleze gharama kabla hujapanda matatu.

Hatua ya tatu, ikiwa kipimo hicho hakipatikani kwa urahisi, usikate tamaa. Subiri mtoto afikishe miezi 18, kisha apimwe askari. Asipokuwa nao, hana ugonjwa. Akiwa nao, sasa ni wake mwenyewe, na ni lazima apimwe virusi.

Hatari kubwa ni kusahau. Mtoto anatembea, anacheka, nani atakumbuka? Basi kumbuka hivi: miezi 18 ndio wakati wa chanjo ya pili ya surua. Mwombe muuguzi aandike kwenye kijitabu cha kliniki tangu leo, ili siku ya chanjo kipimo kiulizwe pia.

Je, nimwachishe ziwa?

Hapana! Homa ya ini ya C haienezwi kwa maziwa ya mama. Endelea kunyonyesha. Ikiwa chuchu zimepasuka na zinatoa damu, acha kwa muda, kamua maziwa hayo na kuyamwaga, kisha rudi kunyonyesha zitakapopona. Kama ni ziwa moja tu lenye kidonda, nyonyesha kwa lile lingine. Ikiwa una virusi vya UKIMWI pia, fuata maagizo ya kliniki yako. Mtoto mchanga aliyeachishwa ziwa na kupewa maziwa ya mbuzi na maji ya mtoni anaweza kuuawa na kuhara katika wiki moja, kabla hata jibu la maabara halijarudi.

Nawe mlezi, pengine mama mzazi alifariki au yuko mbali, na hujui kama alikuwa na ugonjwa huu. Mpeleke mtoto pamoja na kijitabu chake, useme wazi kwamba wewe si mama mzazi. Akiwa amepita miezi 18, kipimo cha haraka kinatosha kuanzia.

Mtoto akipatikana na virusi?

Usikate tamaa. Kati ya watoto 4 walioambukizwa wakati wa kuzaliwa, angalau mmoja hupona mwenyewe katika miaka ya kwanza. Wengine huangaliwa na daktari, na wakifika miaka 3 wanaweza kupewa dawa. Siku hizi ni dawa ya kumeza kwa wiki 8 hadi 12, na huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100. Mama pia hutibiwa. Mwulize daktari wakati ufaao wa kuanza, hasa kama unanyonyesha. Ni vyema upone kabla ya mimba nyingine.

Usimpe mtoto dawa za mitishamba za "kusafisha ini". Nyingine hulidhuru ini lenyewe. Mnyoe mtoto kwa wembe mpya, na kila mtu nyumbani awe na mswaki wake.

Homa ya ini ya C haina chanjo. Ile ya B inayo, na mtoto huipata kliniki katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Usiikose hata moja. Ukijua una aina ya B, mwambie mhudumu kabla hujajifungua, maana kinga ya mtoto hutakiwa mapema, ikiwezekana ndani ya saa 24 za kwanza.

Sasa yule jirani yetu tumemjibu. Arudi hospitalini apimwe virusi vyenyewe. Mtoto anyonye. Kijitabu kiandikwe. Na mama mkwe aambiwe, kwa heshima, kwamba maziwa ya mbuzi yangoje.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Kwa nini kipimo cha haraka hakifai kwa mtoto wa miezi 3?
2. Mama mwenye homa ya ini ya C afanye nini chuchu zikitoa damu?
3. Tutakumbushana vipi kuhusu kipimo cha miezi 18?

Mweleze na jirani.