Tuhesabu Watu Kwanza, Pesa Baadaye: Noeli na Bonane Pamoja na Watoto Wadogo



Mwaka unakaribia kuisha. Watoto wameleta buletini zao, masomo yamefungwa mpaka mwanzo wa mwezi wa 1, na nyumba imejaa kelele. Wababa waliokuwa machimboni upande wa Salamabila na Namoya wanarudi mmoja mmoja. Wadogo wanauliza kila asubuhi: “Mama, Bonane ni lini?” Mama anacheka na kujibu, lakini moyoni ana swali lake: nguo zitatoka wapi, mchele utatosha, na tarehe 2 tutakula nini?

Wiki hii tuongee juu ya swali hilo la tarehe 2. Sikukuu inapita kwa siku moja, lakini deni lake linaweza kukaa ndani ya nyumba miezi mitatu. Na anayelilipa si mama peke yake. Analilipa mtoto anayerudi shuleni bila daftari. Analilipa mtoto mchanga anayepata homa usiku, wakati hakuna franka hata moja ya dawa. Hatusemi watu waache kufurahi. Mwaka umekuwa mzito, na watoto wanahitaji siku ya kufurahi. Tunasema tu kwamba kabla ya kwenda sokoni, tukae na tuhesabu. Na hesabu ianze na watu.

Sikukuu ya wote

Kwetu Kasongo dini ya Kiislamu ilifika katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara kutoka pwani, wakati wa Tippu Tip. Baadaye wamisionari nao wakaja. Ndiyo sababu leo ndani ya ukoo mmoja utamkuta kaka anayeswali msikitini Ijumaa na dada anayeimba kanisani Jumapili. Noeli ni ya Wakristo. Idi ni ya Waislamu, nayo kila mwaka inarudi nyuma kwa siku karibu 11. Lakini Bonane haichagui. Tarehe 1 watoto wote wanataka kuoga mapema, kuvaa nguo safi na kupita kwa majirani wakisema “Bonane!”, huku wakitazama mkono wa mwenye nyumba kama una andazi, bombo au karanga kidogo.

Kwa hiyo hesabu hii ni ya mama Mkristo na ya mama Mwislamu pia.

Nani wanalala ndani ya nyumba hii?

Chagua jioni moja kabla ya sikukuu, baada ya kula. Hesabu watu wanaolala chini ya paa lako. Kuna watoto uliowazaa. Kuna mtoto wa dada aliyefariki. Kuna wajukuu walioletwa kwa koko. Na katika nyumba nyingi kuna watoto wa ndugu waliokimbia vijiji vyao upande wa Kabambare kwa sababu ya watu wenye silaha, wakaja na nguo walizovaa mwilini tu.

Hapa ndipo sikukuu inaweza kuponya mtoto au kumwumiza. Mtoto wa miaka 3 hajui bei ya nguo, lakini anajua vizuri sana nani amepewa na nani amenyimwa. Mtoto wa kulelewa akiwaona wenzake wamevaa nguo mpya, naye amebaki na ile ya kila siku, hatasema kitu. Atakaa nyuma ya nyumba. Na jambo hilo atalikumbuka hata akiwa mtu mzima.

Basi tushike neno moja: nguo ni kwa wote, au si kwa mtu. Kama pesa inatosha magauni mawili na watoto ni watano, magauni yangoje. Kikwembe kimoja cha yadi 6, kwa fundi anayejua kukata, kinaweza kumpa kila mtoto kitu chake: shati kwa mmoja, sketi kwa mwingine, kitambaa cha kichwa kwa msichana mkubwa. Na hata hicho kikikosekana, nguo ya zamani iliyoshonwa palipochanika, ikafuliwa na kupigwa pasi, ni nguo ya Bonane. Aibu mtoto anaitoa kwetu. Mama akivaa nguo yake iliyofuliwa na kutembea bila kuona haya, watoto watatembea hivyo hivyo.

Tuwahesabu pia wasiokuwapo. Kuna nyumba ambayo mwaka huu imezika mtoto, au baba, au koko. Kuna nyumba ambayo baba hajarudi kutoka machimboni. Watoto wadogo watauliza, na tukinyamaza watatafuta jibu lao wenyewe, mara nyingi baya kuliko ukweli: “Labda baba amenikasirikia mimi.” Jibu kwa maneno machache ya kweli. “Baba bado yuko kazini, hatujajua siku atakayorudi. Tunamkumbuka.” “Mdogo wako alikufa, tulilia, na leo tunataja jina lake.” Mtoto anaweza kubeba ukweli mdogo kama ameshikwa mkono.

Halafu tuhesabu pesa

Vikundi vyetu vingi vya akiba vinagawana mwisho wa mwaka, na likelemba nyingi zinafunga zamu yao mwezi huu. Mama anarudi nyumbani na pesa ambayo hakuishika mwaka mzima, na siku ile ile bei sokoni inapanda, kwa sababu kila mtu anatafuta kuku, mchele na nguo, tena mvua imeharibu barabara na mizigo inafika kwa shida juu ya pikipiki na baisikeli.

Tuchukue mfano. Tuseme mama amegawiwa franka 200 000. Wengi wetu tunaanza na sikukuu, halafu kinachobaki ndicho cha mwezi wa 1. Tugeuze. Tuanze na mwezi wa 1:

– franka 80 000 zirudi kwenye biashara, iwe ni mawese, samaki, sabuni au mbegu za shamba. Huo ndio mzizi, usiukate.
– franka 30 000 za shule. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 shule za primeri za serikali ni za bure, lakini daftari, kalamu na nguo za shule bado ni mzigo wa wazazi.
– franka 30 000 zifungwe kwenye kitambaa kwa ajili ya ugonjwa. Zisiguswe kwa kitu kingine.
– franka 60 000 zilizobaki ni za sikukuu: chakula, nguo, na kitu kidogo cha kuwapa watoto wa jirani.

Kama wewe umepata 50 000 tu, au 20 000, njia ni ile ile: mzizi, shule, ugonjwa, halafu sikukuu.

Ile sehemu ya sikukuu, itoe mbele ya watoto wenye miaka 6 au 7 kwenda juu. Waambie: “Pesa ya sikukuu ndiyo hii, hakuna nyingine. Tukinunua kuku, bombo zitakuwa chache. Mnasemaje?” Watabishana, watacheka, mwishoni watachagua. Na mtoto aliyechagua mwenyewe halii sana sokoni.

Na baba wa watoto? Akifika kutoka machimboni, mpe maji ya kuoga, mpe chakula, mwache siku ya kwanza acheze na watoto waliomsahau sura. Jioni ya pili, watoto wakiisha kulala, kaeni wawili muweke pesa zote mbele: yake na yako. Kodi ya familia ya Kongo ilibadilishwa na sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016. Ile ruhusa ya bwana, ambayo zamani bibi alilazimika kuipata kabla ya kujifunga kwa mkataba, iliondolewa, na sheria inataka bibi na bwana wapatane juu ya mikataba inayowafunga. Basi bwana asikope kwa ajili ya sikukuu bila kumwambia bibi, na bibi asichukue kikwembe kwa deni bila kumwambia bwana. Mwanzo wa mwezi wa 1 mwenye deni anagonga mlango mmoja tu.

Karatasi na afya za watoto

Wakati watu wote wako nyumbani, toa ule mfuko wa karatasi. Angalia mambo matatu.

La kwanza, cheti cha kuzaliwa. Sheria inawapa wazazi siku 90 tangu mtoto azaliwe ili wamwandikishe kwenye ofisi ya etasivili, bila malipo. Siku hizo zikipita, njia inapita mahakamani, na hapo pesa na safari zinaanza. Kama mtoto alizaliwa mwezi wa 10 au wa 11, bado una nafasi. Baba akiwapo, mwende pamoja.

La pili, karatasi ya chanjo. Mtoto anapata chanjo ya surua akiwa na miezi 9. Mji wetu una historia katika jambo hilo: miaka ya 1970 waganga walifuatilia hapa Kasongo watoto waliochanjwa surua, na matokeo yakachapishwa mwaka 1981 katika jarida la The Lancet. Hata hivyo, katika ule mlipuko ulioanza mwaka 2019, surua iliua watu zaidi ya 6 000 katika Kongo, wengi wao watoto wenye umri chini ya miaka 5. Sikukuu inakusanya watoto wengi mahali pamoja, na surua inapenda mahali kama hapo. Kama chanjo imekosekana, uliza kwenye kituo cha afya siku ya kupima watoto.

La tatu, chandarua. Wageni wanafika, tunawapa kitanda pamoja na chandarua, na watoto tunawalaza kwenye mkeka bila kitu. Ni heshima nzuri kwa mgeni, lakini huu ni wakati wa mvua na mbu ni wengi. Mgeni mzima apewe kitanda. Chandarua kimfuate mtoto.

Siku zenyewe

Watoto wadogo hawahitaji vitu vingi. Wanahitaji mtu mzima ambaye hana haraka. Gari la waya, mpira wa mifuko iliyofungwa kwa kamba, hadisi za koko jioni na vitendawili vinatosha kujaza likizo. Wape kazi ndogo: kuchambua mchele, kuchuma majani ya sombe, kufagia uwanja wa wageni.

Lakini macho yawe wazi. Lualaba na Lwama zimejaa wakati huu. Mtoto asiende kuoga mtoni bila mkubwa. Sufuria ya mafuta ya moto ikae mbali na njia wanayokimbilia. Usiku wa tarehe 31, wapatane wamama wa mtaa ni nani anabaki na watoto, na wasichana wetu warudi nyumbani mapema, wakisindikizwa na mtu tunayemjua.

Neno moja kwa kila mtu

Kabla ya kulala tarehe 31, kaeni wote, wadogo kwa wakubwa. Kila mtu aseme mambo matatu: lililomfurahisha mwaka huu, lililomwumiza, na moja atakalofanya mwaka unaokuja. Mdogo asiyeweza kusema achore chini kwa kipande cha mkaa. Buletini mbaya isiletwe hapo kwa matusi. Mwulize mtoto ni somo gani linamshinda na nani nyumbani anaweza kumsaidia.

Mama naye aseme lake, hata lile lililomwumiza. Watoto wengi hawajawahi kusikia mama yao akisema amechoka, na wanafikiri hachoki. Siku wakisikia, mara nyingi kesho yake mtu anachota maji bila kutumwa.

Andikeni maneno hayo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la zamani na kulitunza. Mwakani mtalifungua pamoja.

Na kwa vikundi vyetu, tunapendekeza hivi: kwenye mkutano wa kwanza wa mwezi wa 1, kila mama aeleze jinsi tarehe 2 ilivyomkuta. Aliyebakiza kitu awafundishe wenzake. Aliyekwama asichekwe, asaidiwe kupanga.

Bonane njema kwenu wote, na kwa kila mtoto anayelala chini ya paa lenu.