Uta Uliobaki

Katika nyumba yetu hapa Theta, baina ya Ruiru na Thika, yamepita mata saba kwa muda wa miaka tisa. Sita yamekwenda kwa ndugu na marafiki. Umebaki mmoja, nao si wenye nguvu zaidi wala wa bei kubwa zaidi.

Ni uta wa namna ya Kituruki, ambao ncha zake zimepindwa kuelekea mbele, upande wa shabaha. Mpindo huo huupa mti mfupi nguvu ya mti mrefu. Mafundi wa Kituruki, ambao fani yao iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2019, huunganisha mti, pembe ya nyati wa maji upande wa mpigaji, na kano za mnyama mgongoni. Vyote hushikwa kwa gundi ya asili, nayo gundi hiyo haipatani na unyevu. Mtu wa Pwani ataelewa mara moja! Wasanye wa bara ya Malindi, wanaojiita Waata, waliwinda ndovu kwa uta wa mti mtupu, mrefu, ambao mvuto wake hupita ratili 100. Niliwahi kuushika mmoja. Haukunipa hata shubiri.

Wangu ni wa mti na fibaglasi, hauogopi ukungu wetu wa Julai. Umeandikwa ratili 35. Lakini mama anayemnunulia binti yake aulize: ratili hizo zimepimwa kwa mvuto wa inchi ngapi? Desturi ni inchi 28. Mkono wangu huishia 26, basi kwangu uta huu ni kama ratili 30 tu. Hili liulizwe kabla ya rangi na nakshi.

Twaijua Hadithi ya Uqba bin Amir (r.a.) katika Sahihi Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) aliifasiri nguvu kuwa ni kurusha. Wapo wanaoichukua kama hoja ya kutafuta uta mzito. Mimi siioni hivyo: uta unaomtetemesha mpigaji haumfundishi kulenga, humfundisha kuachia upesi ili apumzike.

Binti yangu mkubwa alipata zawadi ya uta wa ratili 45 kutoka kwa mjomba wake. Alijikaza mwezi mzima, bega likaanza kumuuma usiku, akautundika, akawa hataki hata kusikia habari ya mishale. Mwaka ukapita. Alasiri moja, baada ya sala, aliuchukua huu wangu bila kuniuliza. Mshale wa tatu uliingia gunia la majani pale pale alipokusudia. Tangu hapo tunapokezana, mishale sita yeye, sita mimi, hadi karibu na Magharibi.

Januari anakwenda chuoni Mombasa, na ameniomba aende nao. Sijamjibu bado.